Pete Niliyouziwa kwa Utani

Nakumbuka siku moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo nikiifikiria hata leo masikio yananiwaka moto. Siyo siku niliyodhulumiwa, maana siku ile ya kudhulumiwa nilikuwa nacheka. Ni ile siku mke wangu, tukiwa na wiki tatu tu tangu harusi, aliponyoosha mkono wake juu ya meza akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Ulijua?"

Nitakusimulia polepole, ingawa nina hamu ya kukukanya moja kwa moja. Wiki hii kijana mmoja wa hapa mtaani Cheyo, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, kaniambia anataka kununua pete ya uchumba kwa mtu aliyemwona kwenye simu. Nikamuuliza kama hiyo pete ina chapa. Akanijibu, "Babu, jamaa ni mshikaji wangu." Sikuweza kumlaumu, kwa sababu nilipokuwa na umri wake nilijibu vilevile, ila mimi sikusema mshikaji. Nilisema mtani.

Ninyi wa siku hizi utani mnausikia zaidi kwenye mpira. Sisi Wanyamwezi tuna watani, na Wazaramo ni watani wetu wakubwa. Wazee walituambia jambo hilo lilitokana na misafara, babu zetu walipobeba mizigo kwa miguu kutoka huku Unyanyembe mpaka pwani, wakala kwa watu, wakaugulia kwa watu, wakazikwa na watu. Mtu aliyekuzikia ndugu yako porini huwezi tena kumnunia. Basi mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo, akaondoka na kuku wako mchana kweupe, akashuka kwenye kaburi la baba yako na kukataa kutoka mpaka apewe chochote, nawe unacheka. Ukinuna, wewe ndiye mkosaji. Mimi naupenda utani huo mpaka kesho, usinielewe vibaya.

Mtani wangu aliitwa Kondo. Alikuwa sonara, ana kibanda chake karibu na soko hapa mjini, na ufundi wake aliupata Dar es Salaam tangu akiwa kijana. Mimi nilikuwa mkulima wa tumbaku kule Kigwa, na kila nilipopanda treni kuja mjini nilipita kwake nipate matusi yangu ya mwezi. Akiniona tu kwa mbali anasimama na kupiga kelele, "Mpagazi amefika, nani ana mzigo?" Nami namjibu kwamba nimekuja kukagua kama watu wa pwani wameshajifunza kuoga. Watu kwenye benchi la nje ya kibanda wanashika mbavu.

Mwaka nilioposa, mchumba wangu Veronika aliniomba kitu kimoja tu. Gauni angevaa lolote, na wali ungepikwa wa kadiri tutakavyojaliwa. Pete ndiyo aliyotaka iwe dhahabu. Sababu yake alinieleza siku moja tukitoka kanisani. Mama yake alivaa pete miaka na miaka akiambiwa na mumewe kwamba ni dhahabu. Mtoto wao mmoja alipougua, mama akaivua akaipeleka kuiuza ili apate dawa. Aliyeipima akamrudishia mkononi, akamwambia hiyo ni shaba. Mama hakulia kwa ajili ya shaba, Veronika aliniambia. Alilia kwa sababu alipomtazama mumewe usoni aligundua kwamba mwenzake alijua siku zote.

"Kama huna uwezo wa dhahabu niambie," akasema. "Nitavaa hata kamba ya katani. Ila usije ukanidanganya."

Nikamwapia. Tumbaku ilikuwa imeuzika vizuri msimu ule, uwezo nilikuwa nao.

Nilikwenda kwa Kondo na rafiki zangu wawili wa Kigwa. Benchi lilikuwa limejaa kama kawaida yake. Kondo akatoa pete kwenye kitambaa, akaizungusha juani, ikang'aa kweli. Nikaangalia kwa ndani, hakuna chapa ya karati inayoonyesha usafi wa dhahabu, wala alama ya fundi. Nikamwonyesha. Akasema, "Hii ni dhahabu ya Lusu, hapo Nzega, imechimbwa na watu unaowafahamu. Za dukani ndizo zinagongwa chapa, kwa sababu hazina kwao."

Hapo ndipo aliponipata, mwanangu. Binamu yangu alikuwa anachimba Lusu wakati huo, nilishamwona anarudi na vumbi mpaka kwenye kope. Sisi watu wa huku tuna ugonjwa huo. Tumekaa jirani na dhahabu mpaka tunadhani tunaijua kwa macho, na mtu akitutajia tu jina la machimbo tuliyowahi kufika, tunajiona mabingwa.

Hata hivyo niliuliza. "Lakini ni dhahabu kweli hii, Mzaramo?"

Kondo akaruka juu. "Dhahabu wapi! Shaba tupu hiyo, nimeichovya tu ing'ae. Mnyamwezi na dhahabu, wapi na wapi? Wewe kazi yako kubeba!"

Benchi zima likaangua kicheko, na mimi ndiye niliyecheka kuliko wote, mpaka machozi yakanitoka. Nikalipa bei ya dhahabu, tena bila kuvutana bei. Sikuomba iwekwe kwenye mizani. Sikuomba risiti, kwani mtani utamwombaje risiti? Nikaifunga kwenye leso yangu nikapanda treni nikiimba.

Tukafunga ndoa. Pete yangu mimi ilikuwa ya fedha, ya marehemu baba, haikuwa na tatizo. Ya Veronika ilifanya kazi wiki mbili na siku kadhaa. Mwanamke wa shamba hasugui sufuria kwa maji matupu, anasugua kwa majivu na mchanga. Wiki ya tatu rangi ya njano ikaanza kubanduka, wekundu ukatokea chini yake, na kidole kikawa na mstari wa kijani. Wakati huohuo mmoja wa wale rafiki zangu alikuwa ameshamsimulia mkewe kichekesho cha Kondo, na mke naye akakipeleka kisimani. Kikamfikia Veronika akiwa na ndoo kichwani. "Mumeo aliambiwa kabisa kwamba ni shaba," wanawake wakamwambia, "akacheka akalipa."

Ndipo akaniuliza kama nilijua.

Nikasema hapana, sikujua.

"Basi kwa nini ulicheka?"

Ungekuwepo ungeniona nafungua mdomo na kuufunga. Yeye akaivua pete akaiweka mezani, akatoka kwenda kupepeta mahindi. Hakurudi kwao wala hakupiga kelele. Alinipikia, akanitengea, akaniita "Bwana Maganga", jina analoniita karani wa ushirika. Niliogopa, nakwambia kweli. Nilimwona mama yake akinitazama kupitia macho yake, na nikajua nikiliacha jambo hilo lipoe lenyewe litapoa na ndoa yangu.

Asubuhi nikapanda treni kwenda kwa Kondo nikiwa nimechemka. Nilipanga maneno njia nzima. Nilipofika, kabla sijafungua mdomo, akanifungulia mikono mbele ya benchi. "Mtani! Umekuja kulalamika? Si nilikwambia ni shaba? Mashahidi hawa hapa!"

Watu wakacheka. Na kitu kinachonitia hasira mpaka leo, mwanangu, ni kwamba na mimi nilicheka. Mdomo ulijicheka wenyewe, kwa mazoea. Nikatoka pale mikono mitupu, huku nimemsaidia yeye kunicheka.

Shangazi yangu, Nyamizi, dada wa baba, alikuwa anaishi hapa mjini. Yeye ndiye aliyesimamia posa yangu, na alikuwa mwanamke asiyepandisha sauti kwa sababu hakuwahi kuhitaji. Nikamkuta uani anachambua maharage. Nikamweleza yote, kisha nikamwambia mpango wangu: nitarudi kwa Kondo, nitabeba mizani yake niondoke nayo. Utani unaniruhusu, na hawezi kunishtaki.

Akaendelea kuchambua maharage kidogo.

"Ukibeba mizani yake, mmelipana," akasema. "Mtacheka wote, watu watafurahi, na Veronika atabaki na shaba yake. Umemsaidia nini mkeo?"

Nikainama kuokota maharage yaliyodondoka.

"Wewe si ndiye uliyegombana na mteuzi wa tumbaku msimu huu, kwa robota moja aliloliandikia daraja la chini?"

"Ndiyo, shangazi."

"Ukasimama pale mpaka jua likazama, ukataka lifunguliwe, lipangwe upya, lipimwe upya, liandikwe. Na yule mteuzi ni mtoto wa mama yako mdogo. Au nadanganya?"

"Hudanganyi."

"Majani yanayokwenda kuchomwa moto umetaka yaandikwe daraja na kilo. Pete ya kuzeeka nayo mkeo umeichukua kama mtu anayechota karanga za kuonja." Akasukuma ungo pembeni. "Unaogopa uonekane huna utani. Sasa chagua mwenyewe, uonekane huna utani kwa Kondo au uonekane mwongo kwa Veronika. Vyote viwili huwezi kukwepa. Kamlete mkeo, kesho tunakwenda. Na nikuombe kitu kimoja, akisema neno lolote, usicheke."

Sijapata kukemewa hivyo tena maishani, na nimekemewa na wengi.

Kesho yake Veronika alikuja, sijui nini kilimfanya akubali, maana nilimwambia tu, "Shangazi anakuita mjini na ile pete." Kwanza shangazi alitupeleka kwa sonara mwingine, mzee wa mtaa wa pili, mtu ambaye hakuwa mtani wetu wala rafiki yetu. Akaisugua pete kwenye jiwe lake jeusi, akadondoshea tindikali, ule mchirizi ukafutika mbele ya macho yetu. "Shaba," akasema. "Imechovywa, tena kwa ubahili." Shangazi akamwomba aandike kwenye karatasi na aweke sahihi yake. Akaandika. Veronika akaisoma ile karatasi mara mbili.

Ndipo tukaenda kwa Kondo. Aliponiona akasimama na kuanza wimbo wake wa mpagazi na mzigo. Nikamwambia, "Habari za asubuhi, fundi."

Hungeamini jinsi maneno hayo madogo yalivyomchanganya. Akanitania tena, nikakaa kimya. Akamgeukia shangazi, akamwamkia, "Shikamoo mama," akaitikiwa marahaba basi, bila nyongeza. Akajaribu mzaha wa tatu na benchi likaguna tu, maana watu walishaona nyuso zetu. Mimi nilikuwa nimeuma shavu kwa ndani mpaka nikasikia ladha ya damu.

"Fundi," shangazi akasema, "utani upo, na tutaurudia siku nyingine. Leo huyu ni mteja na wewe ni muuzaji. Tunataka kujua ulimuuzia nini."

"Lakini mama, mimi nilimwambia! Nilimwambia mbele ya watu kwamba ni shaba. Waulize."

Hapo Veronika akazungumza kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Ni kweli ulimwambia shaba," akasema. "Ulimtoza bei ya shaba?"

Kondo akafungua mdomo kama nilivyofungua mimi kule nyumbani. Veronika hakumngojea. Alishageuka, ananitazama mimi, na niliona jinsi lile swali linavyomjibu yeye mwenyewe. Mtu anayejua kwamba ni shaba hatoi bei ya dhahabu. Nikamtikisia kichwa kwamba sikujua.

"Hapana," Kondo akasema hatimaye, tena sauti yake ilikuwa nyingine kabisa. "Nilimtoza ya dhahabu. Alidhani ni dhahabu, na mimi nilijua anadhani hivyo."

"Andika," shangazi akasema.

Aliandika, mwanangu. Akaomba tusimfikishe kwa afisa biashara. Shangazi akamjibu kwamba hilo ni la mwenye kidole kuamua, na kwamba mwenye kidole atatazama kwanza matendo. Veronika akataka pete mpya, ya dhahabu ipimwe mbele yetu, igongwe chapa ya karati na alama ya fundi, na mzee wa mtaa wa pili aikague kabla hajaivaa.

Usidhani iliishia hapo kwa ulaini. Kondo alituambia turudi Jumatatu, tukarudi Jumatatu. Akasema Ijumaa, tukarudi Ijumaa. Ijumaa akasema kijana wa kuleta dhahabu amekwama njiani. Shangazi akasema hana neno, akaketi kwenye benchi na ungo wake wa maharage. Kila mteja aliyeingia akimuuliza anasubiri nini, alimweleza mwanzo mpaka mwisho, kwa adabu, bila kuongeza chumvi. Siku ya pili alirudi tena na ungo. Siku ya tatu pete ilikuwa tayari.

Tuliipokea ikiwa kwenye mizani, tukasoma uzito wenyewe, tukaiona chapa, ikasuguliwa kwenye jiwe la yule mzee na ikadondoshewa tindikali, mchirizi ukabaki palepale. Kwenye treni ya kurudi Kigwa, Veronika aliniambia maneno ambayo sijayasahau. "Kudanganywa ningekusamehe siku ileile. Kilichoniumiza ni kwamba ulisikia kitu cha kutia shaka, ukaona haya kuuliza tena, na haya yako ukanivisha mimi."

Na utani wetu na Kondo ulirudi. Msimu uliofuata alikuja shambani kwangu akaondoka na jogoo, nikacheka kwa moyo mweupe. Lakini tangu hapo sikununua kwake hata msumari bila karatasi, na yeye mwenyewe aliniandikia kabla sijamwomba.

Sasa mwanangu, nisikilize vizuri. Unapokwenda kununua dhahabu au fedha, wewe ni mteja, hata kama anayekuuzia ni mtani, mshikaji, ndugu wa damu au mwimbaji mwenzako wa kwaya. Muuzaji hana ruhusa ya kukupa kitu kwa jina ambalo si lake, awe amesema kwa kicheko au kwa kiapo, na sheria iko upande wako katika hilo. Itazame pete kwa ndani utafute chapa ya karati na alama ya aliyeitengeneza. Usiposikia jibu la kueleweka kuhusu chapa, rudisha pete kwenye kitambaa chake uende zako. Ukiiona chapa usilale pia, kwa sababu chapa nayo inagongwa na mkono wa mtu. Omba ipimwe machoni pako. Omba muda wa kuipeleka kwa fundi mwingine asiyemjua huyu wa kwanza, na anayekukatalia hilo ameshakujibu. Risiti iandikwe ni madini gani, karati ngapi, uzito gani, jina la muuzaji na tarehe, siyo neno "pete" peke yake. Anayekuuzia kwenye simu naye ana jina na ana mahali anapolala, vitake vyote viwili kabla hujatuma chochote.

Ukishadhulumiwa, usikae nyumbani unaona aibu. Aibu ile ni ya aliyeuza. Rudi upesi, na kitu chenyewe na karatasi yako, na mtu mzima mmoja asiyecheka ovyo. Sema taratibu, usitukane, usibebe mali ya mtu kujilipa. Akikuzungusha, zunguka naye. Akikataa kabisa, nenda kwa afisa biashara au kwa watu wa vipimo, wamewekwa kwa kazi hiyo. Utachoka, najua. Wao wanategemea uchoke.

Na kama yule unayemnunulia yuko nyumbani anakungoja, mweleze ukweli wa ulichonunua, hata kiwe kidogo. Anaweza kuvaa shaba kwa furaha akijua ni shaba. Asichoweza kuvaa ni shaka juu yako.

Mungu akupe ujasiri wa kuuliza swali la pili wakati watu wote wanacheka. Akupe mwenzi anayesema linalomuuma, na mkubwa wa kukukemea wakati bado kuna nafasi ya kurekebisha. Na siku utakapomvisha mtu pete, mwanangu, umtazame usoni bila kupepesa, naye akuulize lolote.